Barua ya Kazi Iseme Kweli

Zinapoanza mvua za masika katika visiwa vyetu, hoteli nyingi za ukanda wa pwani, kuanzia Nungwi na Kendwa hadi Paje na Jambiani, hupungukiwa na wageni, na baadhi yake hufunga milango mpaka mvua zipite. Huo ndio wakati ambapo wapishi, wahudumu, madobi, walinzi na watunza bustani huambiwa waende makwao. Wengine hupewa barua, wengine huambiwa kwa mdomo, na neno wanaloambiwa halifanani baina ya hoteli moja na nyengine. Yuko anayeambiwa kuwa "anapumzishwa". Yuko anayeambiwa kuwa amepewa likizo bila ya malipo. Yuko anayeambiwa kuwa kazi "imesimama". Na yuko asiyeambiwa lolote ila neno moja tu: "tutakuita".

Tumeona vyema kulizungumza jambo hili leo, kwani maneno hayo yanakaribiana masikioni, lakini mbele ya sheria na mbele ya mfuko wa mfanyakazi yako mbali mbali kama Unguja na Pemba. Neno linaloandikwa katika barua ya kumwondoa mtu kazini ndilo linaloamua atalipwa nini, atadai wapi na ana muda gani wa kudai. Kwa hivyo rai yetu ni fupi. Kila anayemwondoa mtu kazini, awe mwenye hoteli au mkuu wa idara ya Serikali, ana wajibu wa kuandika neno lililo la kweli. Na kila mfanyakazi ana wajibu wa kulielewa neno hilo kabla ya kutia saini yake chini ya karatasi.

MANENO YA KUINGIA KAZINI

Kiswahili si lugha maskini katika mambo ya kazi. Lugha hii ilikulia bandarini, mashambani na majahazini, pahala ambapo watu walifanya kazi, wakalipwa, au wakadhulumiwa, na yote hayo yameacha alama katika maneno yetu. Neno "mshahara" tumelipata kutoka Kiarabu, na ndani yake umo mwezi. Maana yake ni malipo ya mwezi kwa mwezi. "Ujira" na "ajira" yametoka katika shina moja lenye maana ya malipo ya kazi, na pia thawabu. Sisi tuliotangulia chuoni kabla ya kwenda skuli tulikutana na shina hilo mapema, pamoja na mafunzo kwamba mfanya kazi alipwe haki yake kabla jasho lake halijakauka.

Lipo na neno "kibarua", ambalo ni letu wenyewe. Maana yake ya asili ni barua ndogo. Katika karne ya 19, pale mjini Unguja na katika miji mengine ya mwambao, watumwa waliokodishwa kwa kazi ya kutwa walipewa kijikaratasi cha kuthibitisha kuwa wamefanya kazi ya siku hiyo, na kwa kijikaratasi hicho ujira ulilipwa, sehemu yake ikaenda kwa bwana wao. Utumwa ulipigwa marufuku kisheria hapa Zanzibar mwaka 1897. Jina la karatasi likabaki kuwa jina la mtu, na hadi leo mtu asiye na uhakika wa kazi ya kesho tunamwita kibarua. Hapa pana somo ambalo hatuna budi kulizingatia. Tangu mwanzo, usalama wa mfanyakazi wa visiwa hivi ulitegemea kipande cha karatasi na maneno yaliyoandikwa juu yake.

Wafanyakazi wa bandarini walipogoma mwaka 1948, na mgomo wao ukaenea mji mzima wa Unguja, walikuwa wanalia na ujira mdogo na ughali wa maisha. Lakini aliye kibarua hulia pia na jambo jengine lisiloonekana katika hesabu za mishahara, nalo ni kwamba hahitaji kufukuzwa. Yatosha asubuhi asiitwe jina lake. Asiyekuwa na barua ya kuingilia kazini hana barua ya kutokea, na asiye na barua ya kutokea hana la kupeleka mahkamani. Kule Bara, sheria iliyopitishwa mwaka 1964 juu ya usalama wa kazi ilijaribu kuuziba mwanya huo, ikaorodhesha makosa na adhabu zake na ikazipa kamati za wafanyakazi nafasi ya kusikilizwa. Shabaha ilikuwa kwamba kazi ya mtu isikatwe kwa hasira ya asubuhi moja.

KUACHA NA KUACHISHWA

Tuje sasa kwenye maneno ya kutoka. La kwanza ni "kuacha kazi", na la pili ni "kuachishwa kazi". Mgeni wa lugha yetu anaweza kudhani kuwa haya ni maneno mawili ya jambo moja. Mzaliwa anajua kuwa yanatafautiana kama anayetoka nyumbani kwa hiari na anayetolewa kwa kusukumwa. Aliyeacha ametenda, aliyeachishwa ametendwa. Mama humwachisha mtoto ziwa, mtoto haachi mwenyewe, na ndiyo maana mtoto hulia. Herufi chache zinazoongezeka katikati ya neno ndizo zinazotueleza nani aliyeuvunja mkataba.

Na herufi hizo zina thamani ya fedha. Tuchukue mfano wa Bara, ambako Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Nam. 6 ya mwaka 2004, imeweka hesabu iliyo wazi. Mfanyakazi aliyetumika kwa miezi 12 au zaidi bila ya kukatiza, akaachishwa na mwajiri pasi na kosa lake, hustahiki kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka aliotimiza, na hesabu hiyo hukoma kwenye miaka 10. Tuseme mpishi analipwa shilingi 12,000 kwa siku na ametimiza miaka 6. Siku 7 mara miaka 6 ni siku 42, na siku 42 mara shilingi 12,000 ni shilingi 504,000. Mwenzake aliyetimiza miaka 10 hupata siku 70, na aliyetimiza 14 hupata 70 hizo hizo. Juu ya hapo ipo taarifa ya mapema, ambayo kwa anayelipwa kwa mwezi haipungui siku 28, au malipo badala ya taarifa hiyo. Upo na mshahara wa siku alizofanya kazi, na ipo likizo yake ambayo hakuichukua.

Sasa mtazame mpishi huyo huyo akiletewa karatasi iliyokwisha kupigwa chapa, yenye maneno haya: "Nimeacha kazi kwa hiari yangu." Anaambiwa aweke saini ili apewe mshahara wake wa mwezi. Ana watoto nyumbani na kodi ya nyumba inamngoja, anaweka saini. Kwa saini hiyo shilingi 504,000 zimetoweka, kwani kiinua mgongo cha namna hiyo hulipwa pale ambapo mwajiri ndiye aliyekatisha kazi. Hakuna aliyevunja kasha wala aliyechukua fedha usiku. Kilichoondolewa ni herufi chache tu.

Baada ya hapo yapo maneno yenye ukali: "kufukuzwa kazi" na "kufutwa kazi". Kufukuzwa ni neno la kosa. Anayelisikia huuliza mara moja: amefanya nini? Mfanyakazi aliyefukuzwa kwa utovu wa nidhamu uliothibitishwa kwa utaratibu wa haki hana kiinua mgongo katika hesabu tuliyoitaja hapo juu, na jina lake hutangulia kufika kwa mwajiri wa pili kabla yeye mwenyewe hajafika. Kwa sababu hiyo si halali kumwita "aliyefukuzwa" mtu ambaye kosa lake ni kwamba wageni wamepungua. Hilo ni kumchafulia mtu heshima yake juu ya kumkatia riziki yake.

Watu wa mitaani nao wana yao. Ndugu zetu wa Kenya husema fulani "amepigwa kalamu", na hapo utaona tena ile karatasi, jina likikatwa kwa wino. Sisi tunasema "kibarua kimeota majani", au "unga umemwagika", au "kitumbua kimeingia mchanga". Tutazame lugha hiyo inatuonesha nini. Majani huota penyewe, unga humwagika, mchanga huingia. Katika misemo yote mitatu hatajwi mtendaji. Raia wa kawaida akisema hivyo barazani anajiliwaza, na hatumlaumu. Lakini barua rasmi haiandikwi kwa lugha ya baraza. Ndani ya barua rasmi lazima awepo aliyetenda, na sababu ya kutenda, na tarehe.

KUPUNGUZWA

Neno "kupunguza" ni la zamani sana, lakini kupunguza watu makazini kwa wingi ni jambo ambalo kizazi chetu kilikua nalo. Katika miaka ya 1990, Serikali ilipoendesha mageuzi ya utumishi na mashirika ya umma yalipoanza kubinafsishwa, maelfu ya wafanyakazi waliambiwa kuwa "wamepunguzwa". Wengine waliliita jambo hilo "ridandansi", na neno hilo geni likaingia majumbani kabla ya maana yake haijaeleweka sawa sawa. Wako waliorudi vijijini kulima, na wako waliokaa mlangoni wakingoja mafao kwa miaka mingi.

Pamoja na machungu yake, "kupunguzwa" ni neno lenye heshima ndani yake iwapo litatumiwa kwa ukweli. Neno hilo linatangaza kuwa kazi ndiyo iliyopungua, na mtu hana hatia. Na kwa kuwa hana hatia, sheria humpa stahili ambazo aliyefukuzwa kwa kosa hazipati. Kwa mujibu wa sheria hiyo ya Bara ya mwaka 2004, mwajiri anayekusudia kupunguza watu hutakiwa atoe taarifa ya kusudio lake mapema, aeleze habari zote zinazohusika, kisha akae na wafanyakazi au chama chao washauriane. Hushauriana juu ya sababu za kupunguza, juu ya njia za kuepuka au kuifanya idadi iwe ndogo, juu ya namna ya kuwachagua watakaoondoka, juu ya wakati wa kuondoka na juu ya malipo yao. Mwajiri anayeita watu saa kumi jioni na kuwasomea majina hakupunguza, ametupa watu. Tusimruhusu kujifunika kwa neno asilolitimizia masharti yake.

KUSIMAMISHWA, KUTENGULIWA NA KUSTAAFISHWA

Yapo maneno ambayo hutumika zaidi katika utumishi wa umma, na hapa tunazungumza na waheshimiwa wakuu wetu kwa adabu, lakini bila ya kificho.

"Kusimamishwa kazi" maana yake si kuachishwa. Aliyesimamishwa bado ni mtumishi. Amewekwa kando ili uchunguzi ufanyike, na uchunguzi una mwanzo na mwisho. Kanuni za utendaji bora zilizotolewa Bara mwaka 2007 zinataka mfanyakazi anayesimamishwa kupisha uchunguzi aendelee kupata malipo yake kamili. Lakini ni mara ngapi tumesikia mtu "amesimamishwa", kisha mwezi ukapita, mwaka ukapita, uchunguzi haukusikika tena, na yeye akabaki kama chombo kilichopwelewa, hakipo baharini wala hakipo nchi kavu? Kumsimamisha mtu bila ya kikomo ni kumhukumu bila ya kumsikiliza.

"Kutenguliwa" ni neno la uteuzi. Kiongozi aliyeteuliwa na mamlaka ya uteuzi anaweza kuondolewa na mamlaka hiyo hiyo, na hapo hupoteza cheo. Kupoteza cheo na kupoteza kazi ni mambo mawili tafauti, na pengine ndiyo maana taarifa za Serikali zimezoea kuongeza kuwa muhusika "atapangiwa kazi nyengine". Maneno hayo wananchi wamekwisha kuyafanyia mzaha, kwani wameona wengi ambao hiyo kazi nyengine hawakupangiwa mpaka umri wa kustaafu ukawafikia. Ahadi iliyoandikwa na Serikali ni ahadi. Iwapo hakuna kazi nyengine, isiandikwe.

Mwaka 2015, Rais wa Awamu ya 5, marehemu John Pombe Magufuli, alipolifungua Bunge mjini Dodoma, alizungumza juu ya kutumbua majipu, akikusudia ufisadi na uzembe uliokuwa umeota katika utumishi. Wananchi walilipokea neno hilo kwa furaha, kwani maumivu ya majipu hayo waliyajua. Lakini neno likitoka kinywani mwa kiongozi huwa na safari zake. Haukupita muda mrefu ila kila aliyeondolewa kazini, kwa sababu yoyote ile, aliambiwa kuwa "ametumbuliwa", na mtu akageuzwa kuwa jipu kabla ya mtu yeyote kumsikiliza. Jipu lina usaha. Je, kila aliyeondolewa alikuwa na usaha? Lugha ya mapambano ina pahala pake jukwaani, na lugha ya barua ina pahala pake afisini. Mbili hizo zikichanganyika, mwenye haki huungua pamoja na mkosa.

Mfano mwengine ni wa mwezi wa Aprili 2017, pale uhakiki wa vyeti katika utumishi wa umma ulipowataja watumishi 9,932 kuwa na vyeti vya kughushi, nao wakaondolewa. Kosa la kughushi hatulitetei hata kidogo. Lakini baada ya kuondolewa likabaki suala la michango yao ya hifadhi ya jamii waliyokatwa katika mishahara yao, na ilipita miaka mitano, hadi mwaka 2022, ndipo Serikali ilipoamua kuwa michango hiyo warejeshewe. Uamuzi huo ulikuwa wa insafu. Unatufunza kuwa hata neno zito kabisa la kumwondoa mtu kazini lina mpaka wake, na haliwezi kufuta kila kitu alichokitoa kwa jasho lake.

Tumalizie sehemu hii na "kustaafu". Asili ya neno hili ni neno la Kiarabu lenye maana ya kuomba kuondolewa jukumu. Lenyewe ni tendo la mtu mwenyewe: ametumikia, amechoka, ameomba ruhusa ya kupumzika. Lakini leo tunalo pia "kustaafishwa", na kwa lugha ya afisi "kustaafishwa kwa manufaa ya umma". Yaani mtu ameombeshwa asichokiomba. Iko haja ya Serikali kuwa na uwezo huo, hatukatai. Lakini umma ambao manufaa yake yanatajwa una haki ya kuelezwa manufaa yenyewe ni yepi, na anayestaafishwa naye ana haki hiyo mbele ya wote.

NENO LA KATI

Turejee sasa kwa wale wa hoteli, ambao kadhia yao ndiyo nzito zaidi kwa visiwa vyetu. Mwaka 2019 Zanzibar ilipokea zaidi ya watalii 500,000. Mwezi wa Machi 2020 maradhi ya korona yakaingia, ndege zikasita, hoteli zikafungwa, na hesabu ya watalii wa mwaka huo ikaanguka hadi karibu nusu ya ile ya mwaka uliotangulia. Wafanyakazi wengi walirudishwa makwao kwa jina la likizo bila ya malipo. Mwezi wa Mei 2020 anga ya Tanzania ilifunguliwa tena, na wageni wakaanza kurudi kidogo kidogo. Baadhi ya wafanyakazi waliitwa tena. Wako pia ambao simu yao haikulia, na hata leo hawajui waseme waliachishwa lini, kwani hakuna siku waliyoambiwa kuwa wameachishwa.

Hapa ndipo neno lisilo la kweli linapofanya khiyana kubwa kuliko zote. Sheria za kazi huweka muda wa kudai. Kule Bara, anayelalamika kuwa ameachishwa isivyo halali hutakiwa alifikishe shauri lake mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30 tangu alipoachishwa, na akichelewa huwa hana budi kuomba asamehewe kuchelewa kwake, tena kwa sababu za kuridhisha. Mtu aliyeambiwa "tutakuita" mwezi wa Aprili hutulia. Anajiona bado ana kazi, na kumshitaki mwajiri wake anayemtarajia ni kujiharibia. Mwezi wa Julai anapopita mbele ya lango la hoteli akamuona mtu mwengine amevaa sare yake, ndipo anapofahamu. Na wakati huo mwajiri husema: huyu tulimalizana naye mwezi wa Aprili. Subira yake, ambayo ni sifa njema kwa mja, imegeuzwa kuwa silaha ya kumpigia.

Lugha yetu bado haijakubaliana juu ya neno moja la kusimamisha kazi kwa muda pasi na kosa la mtu. "Kupumzishwa" ni neno la upole, lakini hata aliyefukuzwa huambiwa amepumzishwa, kwa haya. "Likizo bila ya malipo" kwa desturi ni kitu ambacho mfanyakazi mwenyewe hukiomba, anapotaka kwenda masomoni au kumuuguza mzazi wake. Kumpa likizo mtu ambaye hakuiomba ni kumgeuza mwombaji. "Kusitisha" lilikuwa neno zuri, kwani kusita ni kusimama kidogo kisha kuendelea, kama msafiri anayesita njia panda. Lakini waandishi wa barua wamelichukua na kuliandika "tunasitisha ajira yako", wakikusudia kuikata kabisa, na sasa neno hilo limebeba mizigo miwili inayopingana. Hili ni jambo ambalo Baraza la Kiswahili la Zanzibar na lile la Taifa wangefaa kulikalia pamoja na wanasheria, watuchagulie neno moja na kulitangaza.

Hata hivyo, neno lolote litakalochaguliwa halitafaa kitu iwapo halifuatwi na tarehe. Kipimo ni chepesi, na hata asiyesoma sana anaweza kukitumia. Barua ya kumpumzisha mtu kwa muda iseme mambo manne: anaanza kupumzika lini, anarudi lini, atalipwa nini katika kipindi hicho, na michango yake ya hifadhi ya jamii itakuwaje. Tarehe ya kurudi ikibadilika, iandikwe barua nyengine. Barua isiyokuwa na tarehe ya kurudi ni barua ya kuachishwa iliyovishwa ushungi.

WAJIBU WETU

Hatusemi haya kwa kuwachukia waajiri. Tunajua kwamba hoteli isiyo na wageni haina fedha ya kulipa watu, na hakuna sheria inayoweza kuamuru mvua isinyeshe. Mwajiri mkweli ana njia zake. Iwapo kazi ni ya msimu, mkataba useme hivyo tangu siku ya kwanza, ili mfanyakazi apange maisha yake, alime, avue au ajitafutie jengine wakati wa masika. Iwapo kazi imepungua kweli, awaite watu wake na chama chao, awaoneshe hesabu, washauriane. Yako mengi ambayo wafanyakazi hukubali kwa moyo mkunjufu wanapoelezwa kweli, ambayo hawayakubali wanapoyagundua wenyewe.

Kwa upande wa Serikali, visiwa vyetu vina sheria zake: Sheria ya Ajira, Nam. 11 ya mwaka 2005, Sheria ya Mahusiano Kazini, Nam. 1 ya mwaka huo huo, na kwa watumishi wa umma, Sheria ya Utumishi wa Umma, Nam. 2 ya mwaka 2011. Tunaiomba Kamisheni ya Kazi iandae mifano ya barua kwa Kiswahili chepesi, kila mfano kwa hali yake: ya kupumzishwa kwa muda, ya kupunguzwa, ya kusimamishwa kupisha uchunguzi na ya kuachishwa. Mifano hiyo ibandikwe katika afisi za mikoa na wilaya na ipelekwe kwa masheha, ili mzee wa Matemwe au wa Makangale anayeletewa barua na mwanawe aweze kulinganisha. Maofisa wa kazi nao, wanapokagua hoteli, wasitosheke na kuhesabu vyoo na vizima moto. Waombe kuziona barua za walioondoka katika masika yaliyopita.

Vyama vya wafanyakazi visingoje mgogoro ndipo vionekane. Siku moja ya kuwafunza wanachama tafauti ya kuacha na kuachishwa ina faida kuliko hotuba kumi za Mei Mosi. Na wewe mfanyakazi, ndugu yetu, usitie saini karatasi usiyoisoma, wala usiyopewa nakala yake. Ukiambiwa kwa mdomo, omba uandikiwe. Ukiandikiwa "tutakuita", uliza: lini? Kuuliza si ukorofi. Hifadhi barua yako ya kuajiriwa, hati zako za mshahara na vitambulisho vyako pahala pasipofikiwa na maji, kwani siku ya shauri hivyo ndivyo vitakavyokusemea.

Chama chetu kimeweka jembe na nyundo katika bendera yake. Alama hizo hazikuwekwa kwa ajili ya pambo. Zinatukumbusha kila siku kwamba tumejifunga mbele ya mkulima na mfanyakazi kuwa hatutamuachia adhulumiwe nasi tukitazama. Dhulma ya siku hizi haiji kila mara na kiboko mkononi. Mara nyengine huja imepigwa chapa, imetiwa muhuri, na maneno yake ni laini. Kiongozi anayejua kusoma ana wajibu wa kulisoma neno lililojificha nyuma ya ulaini huo, na kulitaja kwa jina lake. Aliyeachishwa aandikiwe ameachishwa, na alipwe haki ya aliyeachishwa. Aliyepumzishwa aandikiwe siku ya kurudi, na siku hiyo ikifika akute lango liko wazi.